Mpima Mafuta Aliyesema Hajui

Habari ya kifo chake nilipewa na mtengeneza viatu wa pale karibu na soko la Kasuku, hapa Kindu, kiatu changu cha kushoto kikiwa mkononi mwake. Aliniambia bila kuinua macho kwamba yule muzee aliyekuwa akipima mafuta kwenye uwanja wa ndege amefariki, na kwamba watu wamekwisha kuanza kukusanyika kwake, upande wa kituo cha reli. Nilikaa kwenye benchi na soksi mguu mmoja, nikasema Mungu amrehemu, kama inavyosemwa, kisha nikabaki nikiitazama soksi yangu. Mtengeneza viatu alidhani nimeshikwa na majonzi, akanipa pole, nami sikujua kama pole hiyo ilikuwa haki yangu. Tangu hapo nazunguka nyumbani nikipanga na kupangua maneno, bibi yangu ananiuliza juu ya nini sili. Wasomaji wangu wa kila mara mnajua kwamba hapa si mahali pa vilio. Huwa nawaletea habari za barabara zetu mbovu, za mchele wa Kibombo, za vijana wa pikipiki wanaoendesha kana kwamba wamechoka kuishi. Leo mnivumilie. Nataka kumwandikia mtu ambaye maisha yangu yote sikuweza kuamua kama nimshukuru au nimchukie, na sasa amekufa nami bado sijaamua.

Nianze na kazi yake, kwa maana vijana hawaijui. Zamani za Zaire mafuta ya ndege yalitufikia ndani ya mapipa ya chuma, mengi kwa treni kutoka kusini, na kila aliyeyashika njiani aliyaacha juani au mvuani alivyopenda. Maji yakiingia ndani ya mafuta hayo, hata kidogo, injini inaweza kuzimika ndege ikiwa juu ya pori, na huko juu hakuna mahali pa kusimama uite fundi. Kwa hiyo kabla ndege ndogo haijajazwa, yeye ndiye aliyepima. Kwanza alichota mafuta kwa chupa ya kioo safi, akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha, akangoja kuona kama kuna kitu kinachotua chini. Kisha alitoa bomba la sindano la plastiki, lisilo na ncha, akachomeka mbele yake kapsule ndogo yenye kikaratasi cha manjano, akavuta mafuta yapite pale. Kikaratasi kikibaki cha manjano, mafuta ni makavu. Kikigeuka kijani, ndani kuna maji ambayo jicho haliyaoni. Kapsule hizo zilitoka Ulaya katika makopo yaliyofungwa kabisa, kwa sababu zinaharibiwa na unyevu wa hewa, na ninyi mnaijua hewa yetu: chumvi uliyoisahau mezani asubuhi, jioni unaikuta imelowa. Yeye kopo lake alilizika ndani ya sufuria ya mchele uliokaangwa mkavu, ili mchele unywe ule unyevu. Mkewe alilalamika kwamba nyumba nzima inakula wali isipokuwa ule wa sufuria ile.

Kazi ilikuwa imemwingia mpaka mwilini. Nilimfahamu kwenye arusi moja hapa Kasuku, mchana, wakati mimi ni mwalimu kijana wa shule ya msingi na yeye tayari ni mtu mzima, mnene kidogo, abakosi yake, lile koti la zama za chama, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Walimletea glasi ya pombe. Akaiinua kwenye jua, akaizungusha, akangoja. Meza nzima ikangoja pamoja naye. Jirani yake akamwambia, "Kunywa, bwana, hii haiendi kwenye ndege." Naye akajibu, taratibu kabisa, "Najua. Ni mikono njo imezoea." Watu walicheka mpaka wakamwaga pombe, na yeye alicheka nao. Siku ile nilimpenda. Nilimuuliza, mazungumzo tu, kama anaona mvua itanyesha kabla ya bibi arusi kutoka kanisani. Aliangalia mawingu kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili, kisha akasema, "Sijui, mwalimu." Wengine watatu pale mezani walikuwa wamekwisha kunijibu, mmoja ndiyo, wawili hapana, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameangalia juu.

Naomba mlielewe hilo neno lake, kwa sababu zama zile lilikuwa neno gumu. Tulikuwa na chama kimoja, na chama kilijua kila kitu. Asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kazi, watoto wa shule na wazee wenye miguu mibaya pamoja. Tulipopiga kura, kadi ya kijani ilikuwa ndiyo, kadi nyekundu ilikuwa hapana, na tulizichukua mbele ya watu, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kufikiri. Mimi mwenyewe darasani nilifundisha majibu, sikufundisha maswali. Ukimuuliza mkubwa yeyote dawa zitafika lini, treni itafika lini, alikutajia siku, na siku ile ikipita alikutajia nyingine. Hakuna aliyemkasirikia. Tulikuwa tumezoea kupewa jibu kama mgeni anavyopewa kiti, hata kiti chenyewe kikiwa kimevunjika.

Sasa nifike kwenye mambo yenyewe. Mwanzo wa masika, mwaka mmoja wa zama hizo, ilitangazwa kwamba mgeni mkubwa atatua kwetu kutoka Bukavu. Jumamosi tukaitwa wote kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, na sehemu yetu ikawa uwanja wa ndege. Tulifyeka majani, tukapaka mawe chokaa, kisha mkubwa wa chama aliyetusimamia akayaona mapipa ya mafuta yamelala ubavu nyuma ya kibanda. Akasema mapipa yaliyolala yanafanana na walevi. Akaamuru yaoshwe kwa ndoo za maji, yasimamishwe wima mstari mmoja, yapakwe rangi. Mpimaji alimfuata akimweleza, akimwita sitwayeni, yaani raia, kama chama kilivyoagiza. "Sitwayeni, pipa linalala. Likisimama, mvua inakaa juu ya kifuniko. Jua likizama, pipa linapoa, linavuta ile maji ndani." Mkubwa akamjibu kwamba mgeni hatakuja kuangalia vifuniko. Mapipa yakasimama, mazuri kweli, sina budi kusema, na mgeni hakuja. Mvua ndiyo iliyokuja, na kwa kuwa hakuna aliyetoa amri nyingine, mapipa yalibaki wima.

Ni ndani ya mvua hizo mama yangu aliletwa kutoka Pangi juu ya lori la mchele, tumbo limevimba kama ngoma. Daktari aliniita kando akaniambia utumbo umejifunga, asipopasuliwa upesi atakufa, na mpasuaji wa karibu kwa wakati ule ni yule wa Bukavu. Kwa njia ya gari ilikuwa haiwezekani, daraja lilikuwa limekwenda na maji. Lakini ndege ndogo ya misioni ilikuwa imetua asubuhi hiyohiyo na masanduku ya dawa, na rubani, mzungu mmoja mpole ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba chakula tu, alikubali kumchukua. Kilichobaki ni kujaza mafuta. Nilimpeleka mama uwanjani juu ya mkokoteni, mimi na dada yangu, tukamlaza kwenye mkeka chini ya bawa la ndege, kwenye kivuli. Nilikuwa na furaha, nawaambia kweli. Nilidhani jambo limekwisha.

Mkubwa wa chama alikuwepo naye, na sanduku lake, kwa sababu alikuwa na mkutano Bukavu na kiti kimoja kilikuwa chake. Mpimaji alifungua pipa la kwanza. Chupa ilikuwa safi, hakuna kilichotua. Akachomeka kapsule, akavuta, akaangalia, akakunja uso. Mkubwa alichungulia juu ya bega lake, uso ukamchangamka. "Kijani," alisema. "Vizuri sana. Njo rangi ya inchi yetu. Weka mafuta, tuende."

"Hapa kijani njo hapana, sitwayeni. Iko na maji."

"Kijani haiwezi kuwa hapana."

"Kwa hii kapsule, njo hapana."

Leo nikikumbuka nacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Siku ile hakuna aliyecheka, na mimi, mwalimu, mwenye cheti, kwa muda mfupi nilitamani kwa moyo wote kwamba mkubwa ndiye awe na haki. Mpimaji akaenda pipa la pili. Kijani. La tatu, kijani. Akaenda mpaka mwisho wa mstari, kijani tupu, na chupa kila mara safi kabisa. Hapo aliinama kidogo, akasimama anaangalia mikono yake. Kisha alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alitoa kapsule nyingine, akavuta hewa tupu, bila tone la mafuta, akaishika mbele ya macho yetu. Tukangoja. Manjano ikaanza kufifia, pole pole, ukatokea ukijani wa maji machafu. Kopo lile lilikuwa limefunguliwa siku nyingi, jipya lilikuwa limeahidiwa na halikufika, na mchele wa kukaanga ulikuwa umeshindwa.

Nikarukia pale. "Basi umeona? Ni kapsule njo mbaya. Mafuta hayana kitu. Weka."

"Hapana, mwalimu," aliniambia. Alikuwa anatoka jasho. "Kapsule mbaya haisemi mafuta ni mazuri. Haisemi kitu."

"Na chupa? Chupa inasema nini?"

"Chupa inasema ndiyo. Lakini chupa haioni yote. Na haya mapipa yalisimama mvuani, uliyaona wewe mwenyewe."

Mama alikuwa macho. Alinishika mguu wa suruali, nikainama. Akaniuliza, "Mutoto wangu, banabishana nini?" Nikamwambia wanabishana kuhusu maji, wanatafuta kujua kama maji iko au haiko. Akalamba midomo, iliyokuwa imekauka mpaka kupasuka, akasema, "Kama iko, banipe kidogo." Daktari alikuwa amekataza asinywe hata tone. Dada yangu aligeuza uso. Sijawahi kuandika maneno hayo mahali popote kabla ya leo.

Rubani alimsogelea mpimaji, akamuuliza kwa Kifaransa, polepole, aruke au asiruke. Nilisimama karibu, nikasikia kila neno. Yule bwana alimwangalia mama, akaniangalia mimi, akaangalia mapipa yale mazuri. Angeweza kusema ndiyo, na rubani angejaza na kwenda, kwa maana alimwamini. Angeweza kusema hapana, na sote tungekuwa na mtu wa kumlaumu au maji ya kuyalaumu. Alisema, "Sijui." Rubani akakaa chini kwenye gurudumu, akavua kofia. Akasema kama mpimaji hajui, ndege haiondoki. Mkubwa wa chama alipiga kelele mpaka askari wakaja, neno hujuma likatajwa, na mpimaji akaondolewa mikono nyuma, bado ameshika lile bomba la sindano. Nasi tukamrudisha mama kwenye mkokoteni. Alikufa kesho yake, jua likiwa juu. Treni ya mapipa mapya ilifika baada ya mazishi.

Wenye busara wataniambia kwamba ukweli lazima ulijulikana baadaye. Nami niliutafuta, msidhani nilikaa tu. Mpimaji alipotoka kifungoni, amekonda, mafuta yale yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na wakubwa na kuuzwa kwa wenye magari. Nilikwenda duka kwa duka. Mfanyabiashara mmoja, mtu wa Butembo, mcha Mungu asiyedanganya hata kwenye mizani, aliniambia, "Iliwaka muzuri sana, mwalimu. Sijapata kuona esansi kama ile." Nikatoka dukani kwake kwa hasira, nikijiambia mama ameuliwa na mtu mwoga. Wiki ileile nikasikia gari lingine lililotiwa mafuta yaleyale lilizimika njia ya Kibombo, mara tatu, na fundi alikuta maji ndani ya karibureta. Nikajiambia basi alituokoa, pale chini ya bawa tungekuwa tumempandisha mama ili aanguke. Kisha dereva wa gari lile mwenyewe akaniambia kwa kicheko kwamba gari lake huzimika njia ya Kibombo tangu lilipozaliwa, na maji mvua ile yaliingia kila mahali, hata mfukoni mwake. Niambieni ninyi. Huyu aliniondolea mzigo, yule akanirudishia, mpaka nikaacha kuuliza.

Miaka ikapita, na Kindu si mji wa kumkwepa mtu. Mara moja tulijikuta ndani ya pirogi moja, mtumbwi mwembamba, tukivuka mto Lualaba, magoti yetu karibu yagusane, na hapakuwa na pa kwenda. Nikamuuliza waziwazi. "Bwana, mimi na wewe tumekuwa watu wazima. Niambie tu. Mafuta yale yalikuwa na maji au hayakuwa na maji?" Aliweka kofia yake magotini. "Mwalimu, nikikuambia ilikuwa na maji, utalala usingizi. Nikikuambia haikuwa, utanitupa humu mtoni, na mimi nitalala vilevile. Yote mbili ni rahisi. Lakini mupaka leo sijui." Niliona macho yake yamelowa. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Uongo mmoja mdogo ungemgharimu nini? Hakuna kapsule ya kupima uongo wa namna hiyo, na mimi ningeupokea kwa mikono miwili, ningeurudisha nyumbani, ningempa dada yangu nusu. Alininyima ndege, kisha akaninyima hata huo.

Juzi nilikwenda kwenye kilio chake. Sikuwa nimeamua kwenda, miguu ilinipeleka, na kiatu kile kilichoshonwa kilinibana njia yote. Wanawake walikuwa wanapika nje, turubai limefungwa juu ya mipera, watu wazuri, watu wengi kuliko nilivyodhani. Mjane wake, mama mmoja mdogo wa mwili mwenye sauti nzito, alinitambua, akaja akakaa karibu nami. Hakuzunguka. "Mwalimu," akasema, "ulimusamehe?" Nilifungua mdomo. Nilitaka kumpa neno zuri, la kumfaa mjane siku ya kilio, na maneno ya namna hiyo ninayo mengi, ndiyo kazi yangu. Sikuweza. Nilimwambia, "Mama, sijui." Aliniwekea mkono begani, kisha akaagiza niletewe sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo. Nilikula. Sikumbuki kama ilikuwa na chumvi.

Mnaonifuata hapa mmezoea kwamba mwishoni nawaachia funzo, na wengine wenu hukasirika nisipofanya hivyo. Leo ninalo, ila limepasuka vipande viwili. Mwezi ujao mjukuu wangu atapanda ndege ndogo kwenda Goma kusoma, na namwomba Mungu kwamba atakayepima mafuta ya ndege ile awe mtu kama marehemu, mtu asiyeweza kusukumwa na mkubwa, wala na machozi, wala na mwalimu mwenye haraka. Hicho ni kipande cha kwanza, nakiamini. Lakini mnirudishie asubuhi ile, mama yangu chini ya bawa na midomo yake mikavu, na nitaomba apimiwe na mtu mwingine yeyote, hata mlevi, hata mwongo, ilimradi aseme ndiyo. Hicho nacho nakiamini. Nimejaribu kuvishikanisha, vinakataa, na nimekuwa mzee.

Kwa hiyo ninyi mnaolea watoto, wafundisheni kusema sijui pale wasipojua, kwa maana inchi yetu iliumizwa sana na watu waliojua. Ila msiwadanganye kwamba neno hilo ni la bure. Mwenye kulisema anaweza kumpoteza mama wa mtu kwa neno hilo moja, asipate kamwe kujua kama alifanya vema, na kesho yake, na mwaka ujao, na siku zote zitakazofuata, itabidi akutane na mtu yule njiani na kumtazama usoni. Yule bwana hakuwahi kubadili njia aliponiona. Kila tulipokutana, yeye ndiye aliyetangulia kunisalimia. Mimi nilikuwa naitikia tu.